Siku za Mdiria: Habari za Kisiwa cha Krete Wakati wa Baridi

Wengi wetu tukisikia habari za majira ya baridi katika nchi za Ulaya, mara moja twafikiri juu ya theluji, na mito iliyoganda, na watu waliovaa makoti mazito wakikaa karibu na moto. Hayo ni kweli kwa nchi nyingi za kaskazini. Lakini kiko kisiwa upande wa kusini, katika Bahari ya Mediterania, ambacho katikati ya majira yayo hayo ya baridi hupata siku chache za utulivu, jua likiwaka na bahari ikitulia kama maji ya bakulini. Wenyeji wana jina kwa siku hizo: huziita Alkyonides, yaani siku za mdiria, yule ndege mdogo avuaye samaki. Twataka kuwaeleza siku hizo ni za namna gani, wazee wa kale walisimulia nini juu yake, na wataalamu wa leo wamejua nini. Wala jambo hili si la kufurahisha masikio tu. Kwa maana kila apataye riziki yake baharini au shambani hana budi kujua ni lini aiamini mbingu, na ni lini asiiamini.

Kisiwa chenyewe ni Krete, nacho ni sehemu ya nchi ya Ugiriki, ambayo katika vitabu vyetu huitwa pia Uyunani. Wasomaji wa Maandiko wanalijua jina hilo, kwa kuwa ndipo Mtume Paulo alipomwacha Tito, na ndipo jahazi lililomchukua Paulo lilipopita wakati wa safari yake ya kwenda Rumi. Urefu wake kutoka magharibi hata mashariki wapata kilometa 260, lakini upana wake ni mdogo. Mahali penye upana mkubwa ni kilometa 60, na mahali pembamba ni kama 12 tu. Katikati yake imesimama milima mirefu kama uti wa mgongo. Mlima mrefu kupita yote ni Psiloritis, ambao watu wa kale waliuita Ida, na urefu wake ni meta 2,456. Upande wa magharibi iko Milima Myeupe, nayo karibu yalingana na huo kwa urefu. Ng'ambo ya kusini hakuna nchi nyingine kubwa mpaka kufika Libya, kama kilometa 300 za maji matupu.

Watu wa Krete hawana masika na vuli kama sisi. Wana kiangazi kirefu, ambacho tangu Juni hata Agosti mvua hainyeshi ila kwa nadra. Na wana majira ya baridi, ambayo ndiyo majira ya mvua, tangu Oktoba hata Machi. Mvua hizo zaletwa na dhoruba zitokazo magharibi, zikifuatana moja baada ya nyingine. Katika milima ya magharibi mvua ni nyingi sana, na juu ya vilele theluji hukaa hata kiangazi kikaribie. Lakini pwani ya kusini-mashariki ni kavu, hata mkulima huhesabu kila tone. Katika mji wa Heraklion, ulioko pwani ya kaskazini, joto la mchana katika Januari hufika kama nyuzi 15 za Selsiasi, na usiku hushuka kufika kama nyuzi 9. Kwa watu wa Ulaya ya kaskazini hiyo ni baridi ya upole. Sababu yake ni bahari, kwa kuwa maji huhifadhi joto la kiangazi, nayo hupoa polepole, kama chungu kilichoepuliwa motoni.

Sisi tulifika huko mwezi wa Januari. Meli za abiria huondoka jioni katika bandari ya Piraeus, karibu na Athens, na kufika Krete asubuhi. Lakini tulipofika Piraeus tuliambiwa kwamba hakuna kuondoka, kwa sababu upepo ulikuwa mkali. Na sheria ya nchi yazikataza meli za abiria kutoka upepo ukizidi kipimo kilichowekwa. Tukangoja siku mbili pamoja na watu wengi, wengine wakiwa na watoto wadogo, wengine wakirudi kwao kwa mazishi, wala hakuna aliyenung'unika sana. Watu wa visiwa wamezoea kwamba bahari ndiyo yenye neno la mwisho.

Hata tulipovuka, mvua ilikuwa ikinyesha, na ikaendelea kunyesha siku nne. Mlima hatukuuona kabisa. Mawimbi yalipiga ukuta wa bandari yakaruka juu yake. Mashua za wavuvi zilikuwa zimefungwa kwa kamba mbili mbili, na wenyewe walikaa katika nyumba ya kahawa wakishona nyavu.

Asubuhi ya siku ya tano tuliamka tukastaajabu kwa kimya. Upepo umekwisha. Tulipotoka nje tuliuona mlima wote, tangu miguuni hata kichwani, umevaa theluji, nao waonekana karibu kana kwamba mtu aweza kuugusa. Juu hapakuwa na wingu lo lote. Bahari ilikuwa laini, hata kivuli cha kila mashua kilionekana majini bila kuvunjika. Hata saa nne jua lilikuwa na joto la kutosha, na wazee walikuwa wametoa viti vyao nje, wamevua makoti. Wanawake walianika magodoro na mablanketi. Kila tuliyemsalimu alijibu kwa neno moja, akituonyesha mbingu kwa mkono: Alkyonides.

Tena tuliona kwamba siku hizo si za kupumzika. Majira hayo ndiyo ya kuvuna zeituni, tangu Novemba hata Februari, na mvua ikinyesha kazi husimama. Basi jua lilipotokea, kila jamaa ilikwenda shambani, wakubwa kwa wadogo. Walitandika nyavu chini ya miti, wakapiga matawi kwa fimbo na kwa mashine ndogo, zeituni zikaanguka kama mvua ya mawe, wakazikusanya katika magunia. Jioni magari yalipanga mstari mbele ya kinu cha kukamulia mafuta. Wengine, hasa wanawake wazee, walipita pembeni mwa mashamba na kisu kidogo na mfuko, wakichuma mboga za mwitu. Katika majani mabichi maua ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuchanua, na mlozi mmoja mmoja ulikuwa umevaa maua meupe, ungali haujatoa majani. Katika siku hizo chache watu hukomboa kazi za siku nyingi.

Na yule ndege mwenyewe tulimwona. Alikuwa ametua juu ya kamba ya mashua bandarini, mdogo, urefu wake hauzidi sana kidole cha kati cha mtu mzima mara mbili. Mgongo wake ni wa rangi ya samawati ing'aayo, kifua chake cha rangi ya machungwa, mdomo mrefu kama msumari. Alitazama majini, akajitupa, akarudi na kisamaki, akakipiga juu ya kamba, akakimeza. Nasi tukauliza: ndege huyu ana nini na utulivu wa bahari?

Jibu la kale lapatikana katika hadithi, nazo si moja. Iliyo maarufu kupita zote iliandikwa na Ovid, mtunzi wa Kirumi, karibu na mwaka wa 8 baada ya kuzaliwa kwa Kristo, ijapokuwa asili yake ni kwa Wayunani waliomtangulia. Alisimulia kwamba palikuwa na mfalme wa Trachis, jina lake Ceyx, na mkewe Alcyone, nao walipendana sana. Alcyone alikuwa binti Aeolus, mlinzi wa pepo. Siku moja Ceyx alitaka kusafiri kwa bahari kwenda kuuliza neno la ubashiri katika nchi ya ng'ambo. Mkewe akamsihi asiende. Akamwambia asidhani kwamba kuwa mkwewe Aeolus kutamwokoa. Yeye Alcyone aliziona pepo nyumbani kwa babaye tangu utoto, na kwa kuwa alizijua, kwa hiyo alizidi kuziogopa. Kama haikosi kwenda, basi waende pamoja. Ceyx hakukubali kumtia hatarini, akamwahidi kurudi kabla mwezi haujaandama na kujaa mara mbili.

Usiku ule jahazi likapatwa na tufani, likavunjika, na mfalme akafa maji akilitaja jina la mkewe. Alcyone hakujua. Kila siku alihesabu siku, akamtengenezea mumewe nguo za kuvaa atakaporudi, akawaomba miungu yao, hasa Juno, wamlinde mtu ambaye amekwisha kufa. Hata Juno hakuweza kuvumilia tena maombi yale, akaamuru apelekewe ndoto. Alcyone akamwona mumewe ndotoni, ametota, akimpa habari ya kifo chake. Asubuhi akakimbilia pwani, mahali pale pale alipomwaga, akaona kitu kinaelea mbali. Mawimbi yakakileta karibu, naye akautambua mwili wa mumewe. Akaruka kutoka juu ya ukuta wa bandari, na kabla hajagusa maji amekuwa ndege. Miungu wakawahurumia, wakamgeuza na mumewe kuwa ndege vile vile. Na kila mwaka wakati wa baridi, asema mtunzi, kwa siku saba Alcyone hulalia mayai katika kiota kinachoelea juu ya bahari, na babaye huzifungia pepo zote ndani, ili wajukuu wake wasizame.

Hadithi ya pili haina huruma hiyo. Katika kitabu cha kale kiitwacho kwa jina la Apollodorus, watu wawili wale wale walijivuna. Mume alimwita mkewe Hera, na mke alimwita mumewe Zeus, yaani walijifanya sawa na wakuu wa miungu ya Wayunani. Kwa kiburi hicho wakageuzwa kuwa ndege. Hadithi ya tatu yasema kwamba Alkyonides walikuwa mabinti wa jitu aitwaye Alcyoneus. Baba yao alipouawa na Heracles, walijitupa baharini kutoka rasini kwa majonzi, na malkia wa bahari akawageuza kuwa ndege. Basi, utulivu ule ule mmoja ulipata maelezo mbalimbali: wengine waliona ndani yake upendo, wengine adhabu, wengine msiba wa watoto waliofiwa. Hata hesabu ya siku hawakupatana. Wengine walisema ni siku saba, wengine tisa, wengine kumi na moja, wengine kumi na nne.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba watu wa kale wote walipokea kila neno bila kuchungua. Aristotle, yule mwanachuoni mkuu wa Wayunani, aliyeishi tangu mwaka wa 384 hata 322 kabla ya Kristo, aliandika habari za ndege huyu katika kitabu chake cha wanyama. Alisema kwamba hutaga siku za katikati ya baridi, wakati mchana ulipo mfupi kupita siku zote: siku saba kabla ya siku hiyo hujenga kiota, na siku saba baada yake hutaga na kulea. Lakini akaongeza neno la mtu mwenye macho: kwamba katika nchi yake utulivu huo hauji kila mwaka kwa wakati wake, bali katika bahari ya Sisilia huja karibu kila mara. Akaandika pia kwamba kiota hicho ni kama boga lenye shingo ndefu na mlango mwembamba, na kwamba yaonekana kimejengwa kwa miiba ya samaki.

Sasa tujue ukweli wa ndege mwenyewe. Mdiria hajengi kiota juu ya maji, wala hatagi wakati wa baridi. Hutaga baada ya baridi kwisha, tangu Aprili na kuendelea, na kiota chake ni shimo refu alilolichimba kwa mdomo wake katika kingo za udongo kando ya mito. Mwishoni mwa shimo kuna chumba kidogo, na humo mna miiba ya samaki aliowala, hata mayai hulala juu yake. Ajabu ni hii, kwamba neno la miiba, ambalo twaweza kulicheka kama hadithi, ndilo lililo karibu na kweli. Mtu fulani, zamani sana, alifukua shimo la mdiria, akaona.

Na kwa nini basi walidhani ataga baharini wakati wa baridi? Jibu ni jepesi ukikaa Krete. Katika kisiwa hiki mdiria huonekana zaidi tangu mwisho wa kiangazi hata mwisho wa baridi. Wengi wao ni wageni waliotoka kaskazini, ambako mito huganda na samaki hawapatikani. Nao huvua baharini, kwenye bandari na miamba. Kiangazi kikikaribia, huenda zao. Kwa hiyo mtu wa pwani aliwaona siku za baridi juu ya bahari, na kiota chao hakukiona kamwe. Akaunganisha mambo mawili aliyoyaona kwa jambo la tatu ambalo hakuliona. Hivyo ndivyo hadithi nyingi zizaliwavyo.

Sababu ya utulivu wenyewe ni nyingine. Hewa ina uzito, ijapokuwa hatuuhisi. Mara kwa mara, kati ya nusu ya Desemba na nusu ya Februari, hewa nzito huja ikakaa juu ya Ugiriki na nchi zilizo kaskazini yake. Hewa hiyo hushuka polepole kutoka juu, na ikishuka hubanwa, na ikibanwa hupata joto, mawingu yakakauka. Tena, kwa kuwa uzito wake karibu ni sawa mahali pote, hakuna nguvu ya kuisukuma hewa kutoka huku kwenda huku, kwa hiyo upepo hupungua. Dhoruba zitokazo magharibi huikuta kama ukuta, nazo huzunguka kwa njia nyingine. Mchana jua hupasha nchi joto bila kuzuiwa. Lakini usiku joto hutoroka juu, kama katika nyumba isiyo na paa, na asubuhi umande ni mwingi. Katika uwanda wa Lasithi, ulioko milimani kama meta 840 juu ya bahari, hata sakitu hutanda juu ya majani. Siku za namna hii zaweza kuwa mbili au tatu, au juma zima na zaidi. Zaweza kuja mara kadhaa katika mwaka mmoja, na mwaka mwingine zisije ila kidogo sana. Hakuna aliyezifunga kwa kalenda.

Hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Katika siku za kale majira ya baridi yalifunga bahari. Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, aliandika kwamba tangu tarehe 11 Novemba hata tarehe 10 Machi bahari imefungwa kwa vyombo. Wayunani waliotangulia walitazama nyota: kundi lile la nyota tuliitalo Kilimia lilipozama alfajiri mwanzoni mwa Novemba, walivuta vyombo vyao pwani. Nasi twajua kwamba wazee wetu walitazama Kilimia hiyo hiyo, wakajua majira ya kulima, na jina lake latokana na kazi hiyo. Kilimia hakileti mvua wala dhoruba. Ni dalili ya majira, na dalili hiyo ni ya kweli, kwa kuwa nyota hazikosi wakati wao. Lakini mdiria na utulivu wake si dalili ya namna hiyo. Mwenye jahazi lililofungwa miezi minne, ana shehena inayoharibika na deni linalongoja, akiona bahari imetulia siku moja, aweza kusema moyoni mwake: pepo zimefungwa kwa siku kumi na nne, twende. Na yule aliyemwambia hesabu hiyo hatakuwapo atakapozama.

Tuna ushuhuda wa jambo lililo karibu na hilo katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, nalo lilitokea katika pwani hii hii. Haikuwa bado wakati wa Alkyonides. Siku ya kufunga imekwisha kupita, yaani yapata Septemba au Oktoba, na safari imekuwa ya hatari. Jahazi lilikuwa katika Bandari Nzuri, upande wa kusini wa Krete, na mahali hapo pangali pakiitwa vivyo hivyo kwa Kiyunani hata leo, Kaloi Limenes. Paulo aliwaonya wasiondoke. Lakini bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi, na nahodha na mwenye jahazi walitaka kufika Foinike, bandari nyingine ya kisiwa hicho hicho, isiyo mbali sana. Upepo wa kusini ukavuma kidogo kidogo, wakadhani wamepata walilolitaka, wakang'oa nanga. Baada ya muda mfupi tufani ikashuka kutoka nchi kavu, ikalichukua jahazi kupita kisiwa kidogo cha Kauda, ambacho leo huitwa Gavdos, ikalisukuma hata usiku wa kumi na nne, likavunjika katika kisiwa cha Malta. Watu 276 waliokolewa wote, lakini jahazi na shehena vilipotea. Nao walikaa Malta miezi mitatu, mpaka bahari ilipofunguka tena.

Tulisimama juu ya Bandari Nzuri siku moja ya jua, na maji yalikuwa kama kioo. Aonaye hivyo hawezi kumlaumu sana yule nahodha. Mahali palipo pazuri namna ile, ni vigumu kuamini kwamba upepo uko nyuma ya mlima.

Katika kijiji tulikokaa palikuwa na mvuvi mzee, naye tulipenda kumsikiliza. Tulimwuliza kama aamini habari ya Alcyone. Akacheka, akasema kwamba bibi yake alimsimulia akiwa mtoto, naye huwasimulia wajukuu wake, kwa kuwa ni hadithi nzuri, na watoto wa wavuvi yafaa wajue kwamba nyumbani yuko mtu anayehesabu siku. Lakini yeye mwenyewe, kabla ya kutoka, husikiliza habari za hewa katika redio, na kuutazama mlima. Siku ile ya pili ya utulivu alitoka alfajiri, akavua karibu na rasi, asivuke ng'ambo. Siku ya sita, jua lingali likiwaka na sisi tungali tukisifu uzuri wake, tulimwona saa sita akirudi mapema na kufunga mashua yake kwa kamba mbili. Alituonyesha utepe mwembamba wa wingu umekaa juu ya kilele cha Psiloritis. Kabla ya machweo upepo wa kusini ulikuja na vumbi jekundu la jangwa kutoka Afrika, na usiku bahari ilinguruma.

Haya tumewaandikia ninyi wazazi na walimu, kwa sababu watoto huuliza, na hujibiwa kwa njia mbili zisizofaa. Wengine huwaambia hadithi kana kwamba ndiyo sababu ya jambo. Wengine huzidharau hadithi zote za wazee, wakazitupa pamoja na mambo ya kweli yaliyofichwa ndani yake. Wazee wa Uyunani walikosea juu ya kiota, lakini waliona kweli kwamba katikati ya baridi bahari hupumzika. Waliona kweli kwamba ndege huyo huja wakati huo. Nao walijua vema kuliko sisi maumivu ya mwanamke asimamaye pwani akingoja tanga lisilorudi. Yafaa kuyashika yale waliyoyaona, na kuyapima yale waliyoyadhani.

Nasi hapa pwani yetu tuna majira yanayofanana na hayo kidogo: maleleji, upepo mmoja ukiwa umekwisha na mwingine haujashika, wakati bahari inapolala na vyombo vyaweza kwenda huku na huku. Tena yule ndege si mgeni kabisa kwetu. Wako mdiria wengi katika mito na misitu yetu, na wataalamu wamewapa baadhi yao jina la Halcyon, lililotoka katika hadithi ile ile. Basi mwalimu aweza kuwaambia wanafunzi wake waandike katika daftari moja, kila siku kwa mwaka mzima, upepo watoka wapi, mvua imenyesha au la, na ndege gani wameonekana. Kisha wawaulize wazee wao dalili za majira wanazozijua, na mwisho wa mwaka wazilinganishe na daftari. Zitakazosimama, wazishike kwa heshima. Zisizosimama, wazisimulie jioni, bila kung'oa nanga kwa ajili yake.